Daftari la Madeni

Friji lililetwa na lori siku ya Jumatatu.
Vijana wawili wakalibeba kama bibi harusi,
wakaliingiza kantini kwangu, bure.
"Mama Tumpale, weka soda tu. Maziwa usiweke."
Mlango wa kioo, taa ndani usiku na mchana.
Kantini nzima ya bati, pale Mtoni Kijichi,
ikapata kitu kimoja kinachong'aa.

Kengele ya saa nne ikilia walinijaa,
sarafu ya mia tano imelowa jasho la kiganja.
"Ile ya chini kabisa! Ile inayotoa moshi!"
Nami nainama, nachokoa, nafungua: psss.
Asiye na hela nilimwandika.
Mimi sina roho mbaya. Nilimwandika.

Daftari lina picha ya twiga kwenye jalada:
Nasra, moja ya chungwa.
Ombeni, mbili, baba yake atalipa Ijumaa.
Shukuru wa darasa la tano, moja asubuhi,
moja saa nne, moja akisubiri tuisheni.
Shukuru, Shukuru, Shukuru,
jina limeshuka ukurasani kama ngazi.

Wahenga walisema mchovya asali
hachovyi mara moja. Hawakusema lolote
juu ya aliyeshika mzinga.

Akaanza kuomba ruhusa ya chooni kila saa,
mpaka mwalimu wa hisabati akadhani anatoroka
akampa adhabu ya kufagia.
Alisinzia na ufagio mkononi.
Nikamwonea huruma, Mungu ananiona,
nikampa ya baridi, ya kwangu. Hiyo sikuandika.

Hospitali ya Temeke, wodi ya watoto.
Mama yake anafanya usafi bandarini,
anatoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala.
Nesi akatoboa kidole, tone moja,
akasema anapima sukari.
Nilikaribia kucheka. Sukari?
Mimi naipima tangu usichana wangu:
robo, nusu, kilo, karatasi inakunjwa.
Sikujua kuna mizani inayokunywa damu.

"Kwa siku anakunywa soda ngapi?"
Mama akamtazama mtoto. Mtoto akatazama dari.
Daktari akasubiri na kalamu yake.
Nikauliza, kiu ndiyo ilileta soda
au soda ndiyo ilileta kiu?
Akasema, mama, hapo sina jibu moja,
ila moto ukishawaka humwagii mafuta.
Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu.
Sikulitoa.

Basi kikao cha wazazi kilipoitishwa
na Mwalimu Ndunguru akasoma, kuanzia muhula ujao
soda na juisi za paketi marufuku ndani ya geti,
shingo ziligeuka kunitazama.
Walingoja nipige kelele za marejesho ya kikoba.
Na nilikuwa nazo. Nilizipanga usiku kucha.
Nikasimama, nikamfunua twiga,
nikasoma kama mwalimu anayeita mahudhurio:
Nasra, moja. Ombeni, mbili. Hidaya, nne,
siku ya Alhamisi peke yake.
Mzee Kapinga wa kamati akasema, inatosha, mama.
Nikaendelea. Wapo waliokuwa hawajasikia
jina la mtoto wao.

Lori limerudi, limechukua friji,
limeacha mraba mweupe sakafuni.
Sasa nauza mihogo, ndizi, maji ya mtungi yenye ndimu.
Siku ya kwanza glasi nne, moja nilikunywa mwenyewe.
Nje ya ukuta yupo Kessy na deli lake,
anapitisha chupa kwenye tundu la tofali.
Nimeziba kwa zege mara mbili.
Ametoboa jingine.

Shukuru karudi shule na kimfuko cha sindano.
Jana alisimama mbele ya kantini kwa mazoea,
mkono mfukoni, akiutazama ule mraba.
"Shangazi, nadaiwa shilingi ngapi?"
Nikafungua daftari, nikalifunga.
Nikamwambia subiri kwanza, mwanangu,
hesabu imegeuka upande,
bado najumlisha.