Chonge

Siku ya tatu mtoto anaharisha
na upepo unatawanya jivu jikoni,
shangazi akaja na spoku ya baiskeli
ameifunga kwenye pindo la kanga
kama mtu aliyebeba nauli.

Akampanua Nyemo mdomo kwa kidole gumba.
"Unaviona vile vyeupe? Nailoni hiyo.
Isipotolewa leo, Ijumaa mnachimba."
Akaagiza maji ya moto, chumvi, na elfu tano.

Nilipeleka ulimi pale unapokwenda siku zote,
juu, kushoto, kwenye pengo.
Mimi pia niliwahi kuokolewa.
Nilikuwa na miezi saba, kama yeye.
Mimi sikumbuki. Ulimi unakumbuka.

Nikasema maji bado.
Nikambeba mgongoni, nikatokea mlango wa uani,
nikapita zizini, nikakata katikati ya uwele,
saa mbili kwa miguu hadi Bahi,
reli mkono wa kulia,
na gego langu bovu linagonga kila hatua
kama fundi anayedai.

Tabibu wa meno, Mlugu, alikuwa kijana
mwenye meno ya kahawia, yana mistari.
Nadhani nilimkodolea, maana alicheka
bila kuziba mdomo.
"Maji ya kisima cha kwetu, mama. Ni madoa, si uozo.
Nimeyasugua kwa mkaa, nimeyasugua kwa mchanga,
nikaishia kujiumiza ufizi."

Hakuleta picha ukutani.
Alininawisha, akachukua kidole changu
akakilaza juu ya ufizi wa mwanangu.
"Bonyeza kidogo. Hilo ni jino.
Chonge, bado limelala.
Ukilichokonoa leo, unamwamsha na mdogo wake
aliyelala chini, yule wa ukubwani."
Kisha akatupeleka chumba cha pili, kwa nesi:
unga wa ORS, lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa,
zinki siku kumi, ziwa usimnyime.
Macho yakizama, akilia bila machozi,
usingoje kuche.

Nikashukuru, nikainuka.
"Na wewe?"
Mimi nimemleta mtoto.
"Shavu lako halijasema hivyo."

Basi nikakaa, nikaungama:
karafuu, tumbaku,
na usiku mmoja, Mungu anisamehe, maji ya betri.
Hakunigombeza. Alinyamaza tu,
akachungulia na kioo chake kidogo
kama mtu anayetafuta sindano ghalani.
Fizi zinatoka damu? Zinatoka, ndiyo maana niliacha mswaki.
"Ndiyo maana zinatoka," akasema.

Ganzi ilipanda hadi sikioni.
Nilisikia mlio, kama kuni mbichi inayopasuliwa nyumba ya jirani,
na gego likatoka na mizizi yake mitatu,
mmoja umening'iniza kifuko cha usaha
kikubwa kama punje ya mtama.
Miezi minane sijalala kwa ajili ya punje ya mtama!
"Ng'ata pamba nusu saa. Leo usisukutue.
Kesho, maji ya uvuguvugu na chumvi."

Nikarudi na chumvi ileile akilini.
Sufuria ilikuwa imekauka, shangazi kaketi pale pale.
Aliongea sana. Mimi shavu limekufa ganzi,
sikuweza hata kumjibu vibaya.
Nilikoroga unga, nikamnywesha Nyemo kijiko kwa kijiko,
na yeye alipopiga mwayo kwa hasira
nikaliona pengo lake. Juu, kushoto.
Sikuwa nimewahi kuuliza
nani alimshika kichwa.

Mwaka uliofuata, uwele umeshavunwa,
spoku iko kwenye gurudumu la Chidawali anayeuza mkaa,
shangazi alikuwa akimlisha Nyemo ugali kwa mlenda
mara akaruka: "Yalaa!"
Akakileta kidole kwenye mwanga wa mlango.
Alama ndogo, imechimba, karibu itoe damu.
Alikitazama kile kidole gumba
muda mrefu kuliko maumivu yalivyostahili.
Kisha akakata tonge jingine,
akalipoza kwa pumzi,
akalipeleka palepale penye meno.