Mzambarau wa Kwenye Ufa

Hakuna aliyeupanda. Hilo tukubaliane kwanza,
kabla panga halijanolewa.
Mwamba ulipasuka mwaka gani sijui,
ukabaki ufa wa upana wa kiganja;
shorwe akatua, akajisaidia,
akaruka zake kuelekea Bugando.
Leo ufa ule ni mti,
na mti una kesi.

Nesi Holo anaanika sare chini yake.
Kamba moja: mwisho huku kwenye nondo ya choo chetu,
mwisho kule kwenye msumari wake.
Zikishaiva, ninga wanafika alfajiri,
kijani ndani ya kijani, huwaoni,
unasikia tu bati linavyodondoshewa,
na kufika saa nne sare nyeupe ina ramani ya ziwa:
Ukerewe begani,
Saanane karibu na kifungo cha pili.
Kasugua kwa ndimu. Kasugua kwa chumvi, kwa jua, kwa matusi.
Jumatatu akashuka kwa mjumbe: "Ukatwe."

Mjumbe Bulugu akasema atalitafakari,
akalisema hilo kwa ulimi
wenye rangi ya wino wa kupigia kura.

Mama yangu hupima kwa kikombe cha bati.
Mia mbili kilichosawazishwa,
mia tatu chenye kilima.
Madaftari yangu ya shule yalitoka hapo,
na kurasa zake zilijua:
kila hesabu ina alama ya kidole.

Hatupandi matawi ya juu.
Ya juu ni ya wenyewe.
Sheria hiyo haikuandikwa popote;
matawi ni membamba na chini ni mwamba.
(Masunga alijaribu. Uulizeni mkono wake.)
Sisi tunatikisa ya chini, tunaokota,
tunapuliza mchanga, tunakula.
Usiku popo huingia zamu.

Ijumaa nilitoka na ndoo kabla ya jua.
Bugarika nzima ilikuwa na ukungu,
ziwa halipo, mji haupo,
na Holo anapanda kutoka zamu ya usiku,
viatu mkononi, soksi zimelowa.
Hakuniona.
Alisimama chini ya mshitakiwa,
akavuta tawi, akachuma moja.
Akakunja uso; ule ukakasi wa mwanzo.
Akachuma ya pili. Nikaacha kuhesabu.

Mbegu hakuzitema chini.
Alizikusanya kiganjani, akazitazama
kama anayehakiki vidonge vya mgonjwa,
halafu akatafuta, kwa utulivu kabisa,
ufa mwingine.

Mchana kamba ilikuwa palepale,
sare mbili na shuka.
Tuliposalimiana aliitikia
bila kufungua mdomo.

Kikao ni Jumapili, saa nne, kwa mjumbe.
Ninga hawajapewa taarifa.