Pindo la Leso

Saa mbili usiku, nyumba ya wazee, Barani, Malindi.
Nasukuma meza ya dawa, gurudumu moja bovu
linalia kama paka wa sokoni.
Vikombe kumi na vinne. Majina kumi na manne.
Bomba linatoa maji ya chumvi;
ya kumezea tunanunua kwa mtungi.

Miaka mitatu nilidhani kazi yangu ni kugawa.
Fungua mdomo, mzee. Meza. Haya, lala unono.
Tiki kwenye daftari, nami nikalale.

Juma lile Mzee Tsofa alianguka mara mbili:
mlangoni pa choo,
kisha katikati ya bao,
kete nne zingali kiganjani.
Akazinduka akimwita mkewe aliyezikwa Marafa,
afunge mbuzi, mvua inakuja.
Hapakuwa na mvua. Hapakuwa na mbuzi.

Macho ya ukumbini yakageuka, yote,
yakatua kwa Nyevu.

Nyevu alitufikia na kovu la panga begani.
Wanawe walihesabu mvi zake,
wakahesabu na misiba ya kijiji,
jumla ikatoka: mchawi.
Baki ikawa shamba.

"Alimpa kipande cha muhogo," Kashuru alinong'ona.
"Jana. Kwa mkono wa kushoto."
Nami pia, niseme kweli, karatasi haina haya,
usiku ule nilimpitia Nyevu mbiombio,
nikatua kikombe ukingoni mwa kitanda,
sikungoja ameze.

Alhamisi akaja Sista Haluwa wa hospitali,
miwani yake imefungwa uzi sikioni.
Hakuuliza nani kamtazama nani.
Alisema: leteni kila kitu.
Si vya daftarini tu. Kila kitu.
Ikatoka droo, likatoka kopo la maziwa,
ukatoka mfuko aliouleta mpwa wa Tsofa
kutoka duka la dawa, kwa mapenzi,
kwa pesa za kuchonga mawe.
Akavimwaga vyote juu ya shuka.
Hiki cheupe, cha hospitali: cha presha.
Hiki cha waridi, cha mpwa: jina jingine,
boksi jingine, limechorwa ua.
Akavua miwani. Akaivaa tena.
"Ni kile kile. Pacha wawili, kanzu mbalimbali.
Na hiki cha usingizi, nani kakiandika?"

Nikafunua daftari.
Kiliandikwa mwaka juzi, cha wiki mbili,
alipofiwa.
Hakuna aliyekifuta.
Tiki, tiki, tiki, kurasa na kurasa,
mwandiko wangu.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema.
Hawakusema kibaba cha nini.

Ndipo Nyevu akaja, hakuitwa na mtu.
Aliketi sakafuni, akafungua pindo la leso kwa meno:
vidonge kumi na tisa,
vingine vimelainika, vimegandana na ugoro.
"Hivi vinaizungusha nyumba," alisema.
"Wewe hunipa ukapita. Ningekwambia saa ngapi?
Na mtu aliyekwisha itwa mchawi
akikataa dawa, ataitwa nani?"

Sista akaanza kuvihesabu,
Nyevu akimfuatisha kwa Kigiriama,
mwenga, mbiri, hahu,
polepole, kama anayehakiki chenji.

Daktari alikiondoa kile cha waridi siku ile ile.
Cha usingizi tunakipunguza nusu kwa nusu;
hakikatwi ghafla, nimejifunza.
Tsofa angali anamwota mkewe, ila akiamka
anajua ni ndoto, na analia kidogo.
Kashuru hajaomba radhi. Juzi tu
alisogea kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja,
akajifanya anatafuta kiatu.

Siku hizi nina kigoda. Nakaa.
Hiki cha nini? namuuliza kila mmoja,
na asipojua, au nisipojua mimi,
kikombe kinangoja.
Usiku kazi huisha saa nne, mgongo unaniuma.

Gurudumu sijalitia mafuta.
Nyevu kanikataza: akilisikia linalia
anajiweka sawa mtoni,
anakusanya maswali.