Pauni Mia Sita na Tisini

Tunakutana mara moja kwa mwaka, Februari,
chumba cha nyuma cha kanisa, Cwm Llechog,
ambako hita huguna sana na kupasha kidogo.
Watatu tu: Angharad, aliyefundisha jiografia
mpaka shule ikafungwa;
Idwal na kikohozi chake;
na mimi, mweka hazina,
mwenye daftari, kalamu mbili, na mkebe wa biskuti.

Mfuko wetu una jina refu kuliko uwezo wake:
Mfuko wa Ukumbusho wa Hywel Prydderch
kwa Elimu ya Miamba.
Hywel alipasua mawe ya vigae miaka thelathini na mmoja,
akiyasoma kwa ukucha, kwa mlio, kwa ulimi,
na vumbi nalo likamsoma yeye
ukurasa kwa ukurasa, hadi pumzi ya mwisho.

Mjane wake, Tegwen, alidai fidia.
Barua ikarudi na sahihi ya meneja:
kifua cha mumeo, mama, kimeharibiwa na tumbaku.
Hywel hakuwahi kuvuta hata msokoto mmoja.
Basi Tegwen akauza saa ya ukutani, akauza piano,
akauza malisho ya kondoo ya babake ng'ambo ya mto,
akasema: pesa hizi zimsomeshe mtu
atakayejua mlima unasema nini
kabla haujatuletea ankara.

Haba na haba, watu husema, hujaza kibaba.
Kibaba chetu kina tundu.
Riba hudondoka kama tone la pangoni,
na ada ya benki hunywa nusu ya tone.
Hata hivyo tumenunua buti, lenzi, mahema,
nauli za treni hadi Aberystwyth,
na mwaka mmoja, kiingilio cha kongamano huko Lisbon,
ambako kijana wetu alisimama mbele ya maprofesa,
akatetemeka, akasema alichokijua,
kisha akatutumia kadi yenye picha ya tramu.

Mwaka huu kuna ombi moja.
Angharad alisoma jina, akanyamaza,
akanisukumia karatasi kama sahani ya moto.
Lowri Harcombe.
Harcombe! Kitukuu wa mkono ule uliotia sahihi.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema Idwal,
akakohoa, tukangoja amalize.
Baba yake alilazwa kitanda cha pili toka kwa Hywel.

Nikasoma kwa sauti, maana ndiyo kazi yangu.
Anataka kupima lundo la kifusi juu ya Stryd Isaf,
lile tulilokulia chini yake,
lile ambalo mvua ya Oktoba ililisogeza upana wa kidole
na hakuna aliyetambua ila paka, waliohama.
Anataka vyuma vya kupigilia, mirija ya kupimia maji,
nauli ya basi miezi sita.
Jumla: pauni mia sita.
Mwishoni, penye "maelezo mengine," ameandika:
Najua lundo hili lilirundikwa kwa amri ya nani.
Basi. Hakuomba radhi wala hakujipendekeza.

Idwal aliichukua karatasi, akaiinua penye dirisha
vile baba zetu walivyokagua bamba la jiwe,
wakitafuta ufa kabla ya patasi.
Akakaa nayo muda mrefu.
Biskuti yangu ikalowa, ikakatikia kikombeni.

"Buti hajaomba," akasema.
"Kule juu kunateleza.
Hawa hawajawahi kupanda kwa miguu."

Nikaandika: mia sita, kama alivyoomba.
Chini yake, kwa kalamu ya pili: tisini, buti.
Angharad akauliza anavaa namba ngapi.
Hakuna aliyejua.
Idwal akajikongoja hadi kwenye koti lake,
akasema, bila kututazama,
atampigia simu yeye mwenyewe.