Lenzi ya Hamsini

Malipo ya mnada wa tatu yaliingia Jumanne,
kilo mia na arobaini, fungu langu katika shamba la marehemu baba,
na Jumatano asubuhi nilikuwa Masasi,
dukani kwa Nampunju, nyuma ya stendi,
mikono nimeificha mfukoni
isionekane inavyowashwa kugusa.

"Unaanza?" akaniuliza. Nikasema naanza.
Akashusha maboksi kama mshenga aliyetumwa na nyumba tatu:
hii ina megapikseli ishirini na nne,
hii ilikuwa ya mwalimu wa Ndanda, haijaonja mvua,
hii nyeusi, kubwa, ukiingia nayo harusini
mpishi atakupa mnofu kabla hujanawa.

Nilitaka kubwa. Nisiseme uongo.
Nilitaka shingo iniume kwa uzito wake,
watoto wa Kitangari wanifuate,
na Chilumba, aliyesema kazi hii ni ya wenye mitaji,
anione napita.
Lakini bei yake ingekula korosho za msimu huu
na maua ya msimu ujao.

Tukaja kwenye lenzi. Akapanga tatu juu ya gazeti.
Ya kwanza ya kazi zote,
"Sufuria ya katikati," alisema, "haiunguzi, wala haisifiwi."
Ya pili ndefu kama mchi, inavuta:
nilisimama mlangoni nikaona jasho
juu ya mdomo wa muuza mahindi ng'ambo ya barabara,
naye hana habari.
Ya tatu fupi, hamsini, haivuti kitu.
Ukitaka karibu, nenda karibu.

Nikaiinua ile ndefu kwenye mwanga wa mlango.
Hili sikufundishwa na mpiga picha.
Nilimwona baba ghalani, akipasua korosho kwa kisu
kabla karani hajaipasua:
ganda linang'aa, ndani doa.
Na ndani ya kioo, pembeni, nikaona utando,
nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui.

"Kuvu," nikasema.
Nampunju akacheka, kisha akaacha.
"Haionekani kwenye picha."
"Hata korosho mbovu haionekani kwenye gunia."
Bei ikashuka yenyewe,
kama mtoto aliyekutwa juu ya mpapai wa jirani.

Elfu themanini! Ningeichukua.
Ningesimama Shimo la Mungu
nikawahesabu mbuzi wa Msumbiji.

Ila kuna bibi yangu, Namtimba,
mwenye nembo mashavuni na ndonya mdomoni.
Mwaka ule gari jeupe lilisimama kule kona ya zahanati,
dirisha likashuka nusu,
kitu kirefu kikachungulia, kikametameta,
gari likaondoka.
Alikuwa anaosha miguu.
Mpaka leo huuliza, "Ule uso wangu waliupeleka wapi?"
Huuliza kama mtu anayedai ungo wake.

Nikachukua hamsini,
na bodi kuukuu yenye mkwaruzo begani,
betri mbili, kadi moja, chaja iliyofungwa kwa mpira.
Nikabaki na nauli, na hela ya chumvi.

"Bibi, nikupige?"
"Unipige, nimekukosea nini?"
"Picha, bibi."
"Ngoja nivae."
Akavaa kanga, akaivua, akavaa nyingine,
akairudia ile ya kwanza.

Nikasogea. Hamsini ikadai hatua moja zaidi.
Nikasogea tena, mpaka nikanusa ugoro wake,
mpaka nikaona haya.
Tundu nimelifungua lote, kama nilivyoelekezwa,
mwanga uingie bila hodi.
Mkono ukatetemeka. Shata ikalia.

Tukainamia kioo kidogo, vichwa vimegusana.
Sikio lilikuwa safi, kila kinyweleo,
na lile tundu la hereni lililolegea
kama la kifungo cha koti.
Uso wote ulikuwa moshi.

Akatazama sana. Nikasubiri anicheke.
"Sikio ni langu," akasema, "nalijua.
Sasa rudi umtafute mwenyewe."