Chupa ya Alfajiri

Saa kumi na moja na nusu nachota chupa ya kwanza,
naifuta kwa upindo wa khanga, naiweka dirishani penye taa.
Kiangazi ningesoma gazeti kupitia humo.
Leo siuoni hata mkono wangu nyuma yake.

Mashine inahesabu, inasita, inahesabu tena.
Naandika daftarini kwa kalamu nyekundu,
kisha nampigia Kibwana wa ghalani: ongeza shabu.
Mifuko mingapi?
Wewe ongeza tu.
Ikifika saa mbili simu zitaanza, Chumbageni, Makorora,
mama mmoja wa Ngamiani atauliza kama tumeamua
kuwauzia chai isiyo na sukari.

Nacheka naye. Simwambii
kwamba tope hili nalijua kwa jina.

Siyo lile la kijivu la huku chini kwenye mkonge.
Hili ni jekundu, jekundu la kutu ya jembe,
lenye chenga zinazong'aa ukilisugua kidoleni.
Nililibandua visiginoni miaka kumi na saba.
Ni la juu ya Kisiwani, gengeni kwa kaka yangu Hoza.

Palikuwa na iliki pale, chini ya miti
ambayo hakuna aliyeikuta michanga.
Mvua ilipofika ardhini ilikuwa imekwisha choka,
imeshuka jani kwa jani
kama mgonjwa anayeshuka ngazi.
Bei ya iliki ikaanguka mwaka niliofaulu.
Hoza akaazima msumeno.
Akapanda tangawizi, akapanda mahindi,
akachora matuta wima, kichwa mlimani, miguu mtoni,
na mvua, kwa mara ya kwanza, ikapata barabara.

Nilimuuliza likizo moja, cheti changu kipya mkononi:
kaka, mbona hukuacha hata ile miti ya ukingoni?
Hakukasirika. Alikuwa anachonga mpini.
"Kivuli hakilipi ada, Mwanjaa."

Ada ipi? Yangu.
Muhula wa kwanza, magunia sita.
Muhula wa pili, ukingo wa mto.
Kila hesabu ya maji niliyojifunza
ililimwa pale, na sasa inanifuata bombani.
Mchuma janga hula na wa kwao;
sisi tumezidi, tunalinywa.

Masika ya mwaka juzi tulipima bwawa.
Ramani ya ukutani inasema mita nane penye boya.
Nilishusha kamba yenye jiwe. Ikalegea kwenye tano.
Nikaivuta, nikashusha tena, nikidhani nimekosea.
Jiwe lilitua bila mshindo, kama juu ya godoro.
Mlima unahamia huku. Haukuaga mtu.

Idi iliyofuata nilipanda Kisiwani na mzigo wa mabingobingo.
Tukapanda mistari mitatu, ya kukingama,
tukipima kwa fremu ya fito na jiwe la kuning'inia,
Hoza akinicheka, kisha akinishikia kamba.
Mstari wa juu uliliwa na mbuzi wa Shemahonge.
Wa kati umeshika, una udongo wa kimo cha kifundo nyuma yake.
Wa chini, Hoza kaung'oa nusu,
apate safu mbili zaidi za mahindi:
bintiye Saumu kapata chuo cha uuguzi.

Siku hizi namtumia nusu ya ada, kwa simu,
kila tarehe ya mshahara.
Sijamwambia ni ya nini.
Naye hajaniuliza, ila safu zile mbili
msimu huu hakuzilima.

Hata hivyo, jana usiku ilinyesha.

Chupa bado ipo dirishani.
Ikifika adhuhuri maji yatakuwa yamenyooka juu,
na chini, vidole viwili vya shamba letu
vimelala, vingali na nguvu ya kuotesha mbegu.
Utaratibu unasema: andika, mwaga, suuza.

Nimeandika.