Kufumba na Kufumbua

Watu husema: kufumba na kufumbua, mtoto kakua.
Husema hivyo wenye kope zinazotii.
Kwangu mimi kufumba ni kazi ya kutwa.

Hokororo wa kituo cha afya, pale Kitangari,
alinikalisha kwenye benchi akasema: Fumba.
Nikafumba.
Akasema: Bi Somoe, fumba macho.
Nimefumba, mwanangu.
Akanyamaza, akachukua kalamu.
Nikamwona anaandika.
Ndipo nilipojua.

Vidonge nilimaliza, pakiti kumi na mbili,
cheti ninacho, nimekikunja ndani ya kanga ya harusi.
Ukoma umetoka, alisema.
Umetoka, ndiyo, kama mpangaji mbaya:
ameondoka usiku, na mlango haufungiki tena.

Jicho la kushoto lilikwenda msimu wa korosho.
Tulikuwa tunabangua, jiwe juu ya jiwe,
maganda yakatema mafuta.
Asumini alipiga yowe kwa tone moja la mkononi.
Tone langu liliingia jichoni, nikaendelea kubangua.
Jioni akaniuliza: Mwenzangu, mbona jicho limeiva kama bibo?
Sikuwa na habari.
Maumivu yalikuwapo, naamini,
yalikosa njia ya kufika kwangu.
Siku ya nne doa.
Kabla mwezi haujaandama, jeupe,
jeupe la kopa la muhogo juani.

Limebaki la kulia,
nalo ni la kulia kweli:
linachuruzika nikicheka, linachuruzika nikisonga ugali,
na wageni wananipa pole ya msiba nisioujua.

Mtaani wakasema: Yule halali, anatukodolea usiku kucha.
Mke wa Nambole akahamisha kitanda cha mwanawe
kikaegemea ukuta wa pili.
Macho hayana pazia, walisema wahenga,
wakimaanisha mengine kabisa.
Mimi neno hilo nalijua kwa vumbi jekundu,
kwa nzi anayetua juu ya mboni
akatembea, akanawa mikono,
kama yuko kwake.

Ikifika Juni wanapuliza salfa mikoroshoni.
Wingu la njano linashuka, kijiji kizima kinakohoa,
wanaume wazima wanajifuta kwa mikono ya mashati.
Mimi nakaa ndani, miwani myeusi usoni,
kitambaa kwenye ufa wa dirisha.
Nawasikia wanalia. Nawaonea wivu
kuwashwa kwao.

Hokororo alinipa sharti: Chagua kitu,
kila ukikiona, fumba kwa nguvu, hesabu hadi tatu.
Nikachagua ndoo.
Huku kwetu juu maji ni ya foleni,
ndoo hazikosekani njiani.
Ndoo ya bluu: moja, mbili, tatu.
Ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba: moja, mbili, tatu.
Wapita njia wanadhani nawakonyeza.
Mzee Chitanda, yule mgane,
amenijibu mara mbili.

Asubuhi mjukuu wangu, Sikujua, hunikamata kidevu,
ananielekeza mlangoni penye mwanga
kama anatafuta mwiba.
Kuna wekundu? Hakuna, bibi.
Doa? Hakuna. Kuna unyasi, tulia.
Anautoa, ananionyesha kwenye ncha ya leso,
mrefu kama kucha.
Jicho liko usoni kwangu,
habari zake anazo yeye.

Usiku hunipaka dawa,
kisha anashusha ukope kwa kidole gumba, taratibu,
anaushikilia, anafunga kitambaa.
Hivyo hivyo tulimfumba babu yake, naye alikuwepo, akitazama.
Siku ya kwanza alisita.
Nilisikia pumzi yake imekwama,
kidole kinatetemeka juu ya shavu langu.

Fumba tu, nikamwambia.
Kesho uje unifumbue mapema,
kabla foleni ya maji haijawa ndefu.